Mama Vijiti na Chupa Isiyokauka

Siku niliyomwona mara ya kwanza alikuwa amesimama katika chumba changu cha kuoshea vyombo, amenipa mgongo, ananusa vyombo nilivyokwisha kuosha. Alinusa kimoja, akakiweka kushoto. Akanusa cha pili, akakiweka kushoto vilevile. Kulia kwake meza ilikuwa tupu. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo mkononi, nikangoja amalize, kwa sababu mimi si mtu wa kuanza maneno na nisiyemjua.

"Ni wewe unayeosha?" akaniuliza bila kugeuka.

"Ni mimi."

"Unasugua vizuri sana. Ila sabuni huitoi."

Nilitaka kumwambia kwamba nimeosha vyombo vya hospitali ile miaka tisa na hakuna aliyewahi kulalamika. Badala yake nikaiweka ndoo chini. Akageuka. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, miwani imefungwa uzi sikioni, koti jeupe lenye mifuko mirefu kuliko ya wenzake.

"Sikiliza," akasema. "Sahani ikibaki na sabuni, wadudu wangu wanakufa kabla sijawaona. Mimi nitaandika hamna kitu. Daktari atasoma hamna kitu. Mgonjwa ataendelea kuoza. Sasa nani atakuwa amemuua? Sabuni yako, shemeji."

"Mimi si shemeji yako," nilisema, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa taabu.

"Nyumbani kwangu sina hata mmoja anayenioshea vyombo. Wewe utanioshea. Basi lazima tuwe ndugu, na shemeji inatosha." Akasukuma vyombo vyote vya kushoto kuelekea kwangu. "Suuza mara sita. Mara ya mwisho, maji yaliyopita kwenye mashine yako."

Nilikasirika siku nzima. Lakini nilisuuza mara sita, na tangu siku ile sijasuuza mara tano.

Nieleze kazi yangu, maana ndiyo iliyonikutanisha naye. Shule niliishia ya msingi. Hospitali ilinichukua kama mfagizi, kisha mwenzangu wa mashine ya mvuke alipostaafu wakaniweka mimi. Mashine hiyo ni pipa kubwa la chuma lenye mlango mzito. Unatia vyombo, unafunga, mvuke wa moto mkali unaua kila chenye uhai. Ilikuwa moja tu kwa hospitali nzima, kwa hiyo vyombo vya maabara na vya wodi zote vilipita mikononi mwangu: mabakuli, mikasi, koleo, shashi za kufungia vidonda. Kila Jumatatu wodi zilileta na mimi niliandika kwenye daftari nani ameleta nini. Mtu akikaa kimya kwa miaka kazini anajifunza kukumbuka vyombo kama wengine wanavyokumbuka sura za watu.

Yeye alikuwa mpimaji wa maabara. Aliletwa kwa ajili ya utafiti wa Profesa mmoja aliyetaka kujua ni bakteria gani wanaoingia kwenye vidonda vya watu waliofanyiwa upasuaji, na dawa zipi bado zinawaweza. Profesa alikuja kila Alhamisi ya pili, akakaa saa moja, akaondoka. Kazi yote iliyobaki ilikuwa ya huyu mama. Wagonjwa walimwita Mama Vijiti, kwa sababu ya vijiti vyenye pamba alivyotembea navyo. Lile koti alilishona mwenyewe. Mfuko wa kulia wa vijiti, wa kushoto wa kalamu, na hakuna siku vilichanganyika.

Alipogundua kwamba naweza kubeba sanduku la barafu bila kulitikisa, akaanza kuniita niende naye wodini. Ndivyo nilivyomwona akifanya kazi.

Kitanda cha sita alilala fundi wa kuezeka aliyeanguka kutoka juu ya ghala. Mfupa wa mguu ulitoka nje, ukarudishwa, ukatiwa vyuma. Watu walimwita Fundi Bati. Alikuwa mtu wa maneno.

"Mama Vijiti, kila ukija unachukua. Hujawahi kuniletea hata kimoja."

"Nikikuletea utalia."

"Siku ukitajirika kwa usaha wangu usinisahau."

"Nikitajirika nitakununulia ngazi nzima. Ile yako nasikia ilikuwa ya kuazima."

Fundi Bati alicheka mpaka kitanda kikalia. Lakini kabla ya kumgusa, mama huyu alivuta kiti, akakaa, akamweleza upya kama vile hawajawahi kuonana: nachukua sampuli kwenye kidonda chako, ni kwa ajili ya utafiti na kwa ajili yako pia, unaweza kukataa, ukikataa utatibiwa vilevile. Alingoja ajibiwe. Nimeona wakubwa wakifunua shuka za watu bila hata salamu. Yeye alingoja.

Kisha alisafisha kidonda kwa maji ya chumvi aliyoyachemsha kwangu, si kwa dawa ya wodi. Nilimuuliza kwa nini anaufuta usaha anaoutaka. Akaniambia usaha wa juu una kila mpita njia, lakini anayekula nyama yuko chini. Akakizungusha kijiti pale chini, taratibu, Fundi Bati akiwa ameng'ata mto. Jina la mgonjwa, kitanda na saa aliviandika palepale kando ya kitanda. Hakuwahi kuandika njiani, wala maabara. "Kijiti kisicho na jina," alisema, "ni uchafu tu."

Maabara alikipitisha kijiti juu ya sahani zenye chakula cha bakteria kilichochanganywa na damu, akazilaza kwenye kabati la joto. Kesho yake palikuwa pameota vidoa. Kila kidoa alikiangalia kwa rangi, kwa umbo, kwa harufu, kisha akakipaka kwenye kioo, akakitia rangi, akakiweka chini ya hadubini. Wengine walionekana zambarau, wengine waridi. Baadaye aliwapandikiza upya, akaweka juu yao vijikaratasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Aliniita nione.

"Unaona duara safi kuzunguka karatasi hii? Hapo dawa imewashinda. Sasa angalia hii. Duara liko wapi?"

"Hakuna."

"Basi dawa hii kwao ni chai ya asubuhi."

Niliziona sahani nyingi namna hiyo, na mwezi wa tatu wakaanza kuja wale wa kijani. Hata mimi niliwatambua. Sahani nzima iligeuka rangi ya majani, juu ina utelezi, na ukiifungua inatoa harufu tamu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Jina lao la kitabuni ni refu na sikulishika. Kwanza walikuja wawili kwa wiki, halafu watano. Dawa ambazo wodi ilikuwa inawapa wagonjwa zilikuwa kwao chai ya asubuhi. Fundi Bati alikuwa nao. Mama Vijiti alihesabu: katika sampuli mia moja na kumi na mbili, arobaini na tatu zilikuwa za kijani, na zote zilifanana kama watoto wa tumbo moja.

Profesa alipokuja Alhamisi ile, nilikuwa napanga chupa kwenye kabati la maabara. Sikufukuzwa. Watu kama mimi hatufukuzwi, kwa sababu hatuonekani.

"Wagonjwa arobaini na watatu hawawezi kuwa na mdudu mmoja," Profesa alisema. "Huyu mdudu ni wako. Umemtoa kwenye meza yako ukampanda kwenye sahani zangu."

"Nimepima meza, Profesa. Nimepima sinki, kabati la joto, maji, mikono yangu mwenyewe. Hayupo."

"Basi hukupima vizuri."

"Wagonjwa wenyewe vidonda vyao ni vya kijani. Twende wodini ukaone."

"Mimi sikuja hapa kuangalia bandeji. Hizo arobaini na tatu zitolewe. Na majibu yake yasipelekwe wodini, tusiwachanganye madaktari kwa makosa ya maabara."

Mama Vijiti aliomba wiki mbili atafute mdudu anakotoka. Akapewa moja, kwa kuwa ripoti ilikuwa inasubiriwa.

Wiki ile sikumsikia akitania. Alipima mabomba ya wodi, sabuni, reli za vitanda, mikono ya wauguzi mmoja mmoja. Hakupata wa kijani popote. Na huku karatasi za majibu ya watu arobaini na watatu zimefungiwa ndani ya droo, na wodini wanapewa dawa zisizofanya kitu. Alijaribu kumwambia daktari wa zamu kwa mdomo. Daktari akamjibu kwamba bila karatasi hawezi kubadilisha dawa.

Siku ya tano alikuja chumbani kwangu, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akanywa chai kavu. Mimi nilikuwa napitia daftari langu la Jumatatu. Wodi ya upasuaji: mabakuli kumi na mawili, koleo nane, mikasi sita, visahani. Macho yangu yakasimama. Nilijua kila chombo kilichokuwa kwenye toroli la kusafishia vidonda la wodi ile, kwa sababu nililipita kila siku. Kimoja hakikuwa kwenye daftari.

"Dada," nikasema, "ile chupa kubwa ya dawa ya vidonda. Haijawahi kuja kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kuandika."

Aliweka kikombe chini, pole pole, kama vile kingevunjika.

Juu ya toroli lile, ukutani, palikuwa na tangazo la herufi kubwa: CHUPA ISIKAUKE. Liliandikwa na Sista, yaani muuguzi mkuu wa wodi. Miaka kumi na moja nyuma aliletwa majeruhi, chupa ikakutwa tupu, daktari mmoja akamfokea Sista mbele ya wagonjwa wote. Siku hiyohiyo aliandika tangazo, na tangu siku hiyo chupa haikukauka. Kila zamu ilipoingia iliongeza dawa kidogo, ikajaza maji ya bomba mpaka shingoni. Juu waliziba kwa kizibo kilichozungushiwa shashi ili kisiteleze. Hakuna aliyeimwaga, kwa kuwa haikuwahi kuisha. Hakuna aliyeiosha, kwa kuwa haikuwahi kuwa tupu. Sista alijivunia chupa ile kuliko kitu chochote wodini, na kila asubuhi vidonda vyote vya wodi nzima vilioshwa kwa kilichokuwa ndani yake. Mama Vijiti alipima kila kitu isipokuwa dawa, kwa sababu nani anapima dawa?

Tulikwenda naye. Akapitisha kijiti kwenye mdomo wa chupa na kingine kwenye shashi ya kizibo. Kesho yake alinifungulia kabati la joto. Harufu ya tunda ilinifikia kabla sijaona rangi.

Nilidhani atafurahi. Alisema tu, "Kila siku wanawaosha kwa hii," akaenda kunawa mikono, akanawa muda mrefu.

Sasa nifike kwenye siku ambayo nikiikumbuka natamani kujificha chini ya meza. Profesa aliita kikao chumbani kwake. Alikuwepo yeye, Sista, Mama Vijiti, na mimi niliyeitwa kwa ajili ya daftari. Mama Vijiti aliweka sahani mbili mezani, ya Fundi Bati na ya chupa. Hata kipofu angejua kwa kunusa kwamba ni ndugu.

Profesa hakuzigusa. "Dawa inaua wadudu," alisema. "Wewe unaniambia wadudu wanaishi ndani ya dawa. Na samaki nao waishi kwenye moto?"

"Dawa iliyojazwa maji kila siku kwa miaka kumi na moja, Profesa, si dawa. Ni maji yenye rangi. Naomba vitu viwili tu. Chupa iondolewe leo, na majibu ya wagonjwa yapelekwe leo."

"Chupa yangu ni safi," Sista akasema. "Wodi yangu haina kitu kisichooshwa."

"Inaoshwa wapi, Sista?"

"Si kwa huyu?"

Wakanigeukia wote. Profesa akaegemea kiti. "Hapo sasa pana jambo," alisema. "Maana kama uchafu haukutoka kwa mpimaji, utakuwa umetoka kwa anayemwoshea vyombo. Haya, wewe. Hiyo chupa huwa unaiosha au huioshi?"

Daftari lilikuwa mkononi mwangu. Nilihitaji kulifungua tu. Niliangalia viatu vyangu. Kimoja kilikuwa na doa la sabuni. Nikasema, "Sikumbuki vizuri."

Maneno mawili. Mimi ninayekumbuka koleo lililopotea miaka minne iliyopita lilikuwa la wodi gani.

Mama Vijiti hakunitazama. Alizichukua sahani zake, akazifunika. Mchana ule Profesa aliniletea kwa mkono wake kisanduku chenye vichupa arobaini na vitatu vya wale wa kijani, vilivyokuwa vimehifadhiwa kwenye barafu, akaniagiza nivitie kwenye mashine. Nikavitia. Nilifunga mlango mzito, nikasikia mvuke ukiingia, nikasimama pale kama mlinzi wa kaburi.

Wiki moja baadaye Mama Vijiti alipewa barua ya kuhamishiwa kizahanati kilicho nje ya mji, akapime mkojo na choo. Barua ilisema sababu ni uzembe uliosababisha kuchafuka kwa sampuli za utafiti. Uzembe. Mtu aliyesuuzisha vyombo mara sita.

Siku ya kuondoka alipita wodini kuaga. Nilikuwa nyuma yake na sanduku la vitu vyake. Fundi Bati alikuwa amerudi kutoka chumba cha upasuaji siku mbili zilizopita. Shuka yake upande wa kulia ilikuwa imelala bapa kuanzia gotini kwenda chini.

"Mama Vijiti," alisema, "wenzako wamechukua kubwa kuliko wewe."

Mama Vijiti aliushika mkono wake, akakaa kwenye kiti kilekile. Fundi Bati alijaribu kucheka, hakuweza. Mpaka leo hakuna aliyemwambia mtu yule kwamba jina la dawa ambayo pengine ingeuokoa mguu wake lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa imefungiwa ndani ya droo, vyumba vitatu kutoka kitandani kwake.

Nilimbebea Mama Vijiti sanduku mpaka nyumbani kwake. Vyumba viwili, ua mdogo, kamba ya nguo yenye makoti meupe mawili. Mume wake alikuwa fundi umeme na hakuwepo. Mama mkwe wake, bibi mwembamba mwenye macho makali, alikuwa anachambua mboga kibarazani.

"Umerudi mapema, mwanangu. Wadudu wako hawajambo?"

"Wamekufa, mama."

"Wote?"

"Wote."

Bibi akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. "Na huyu ndiye nani?"

"Shemeji yangu wa kazini. Amenisaidia mzigo."

"Ndiye yule asiyekumbuka?"

Mama Vijiti alisema, "Mama, mpe maji ya kunywa." Bibi akanipa. Nilikunywa yale maji nikiwa nimesimama. Kama angenitukana ningeshukuru. Njia nzima kurudi nilikuwa najibu lile swali kwa sauti, watu wakinipisha njiani.

Asubuhi ya kesho yake nilikwenda wodi ya upasuaji kabla ya zamu kubadilishana. Sikumwomba mtu ruhusa, maana nikianza kuomba ningenywea. Niliibeba chupa kifuani, nikaipeleka chumbani kwangu, nikaimwaga kwenye sinki. Nilikuwa nimeshaanza kuisugua Sista alipoingia. Nilimsikia tangu ukumbini.

"Nani amekuruhusu? Nani amekuruhusu kugusa chupa yangu? Kuna wagonjwa wanane wanasubiri kufungwa vidonda, na wewe mfagizi..."

Nilichukua shashi mpya nyeupe, nikaifunga kwenye koleo, nikaiingiza ndani ya chupa mpaka chini, nikaizungusha kama nilivyomwona Mama Vijiti akizungusha kijiti. Nilipoitoa ilikuwa imejaa ute wa kijani, unaning'inia. Nikaiweka kwenye kisahani mbele yake. Kisha nikamfungulia daftari, ukurasa kwa ukurasa, Jumatatu kwa Jumatatu.

Alisoma. Alichukua muda mrefu. Akaketi juu ya ile ndoo iliyogeuzwa.

"Miaka kumi na moja," alisema.

Alisubiri pale nikaiosha chupa, nikaisuuza mara sita, nikaitia kwenye mashine. Siku hiyohiyo alibandua tangazo lake kwa kucha. Tangu hapo chupa zikawa ndogo, mbili, na kila asubuhi moja inakuja kwangu tupu. Simlaumu Sista kama ninavyowalaumu wengine. Alionyeshwa, akaona. Aliandika hata barua kuomba Mama Vijiti arudishwe. Akajibiwa kwamba suala hilo limekwisha kushughulikiwa.

Mpimaji aliyekuja badala yake aliniambia kwamba kwa miezi mitatu amewaona wa kijani wawili tu. Nilimpigia simu Mama Vijiti, mimi nisiyependa simu. Kule zahanati alicheka kwa mara ya kwanza tangu kikao.

"Wawili? Hao wamekuja na usafiri wao wenyewe, si kwa chupa, shemeji. Waache."

Ripoti ilitoka mwaka uliofuata, jalada linang'aa. Niliisoma taratibu, kwa kidole. Sampuli sitini na tisa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba arobaini na tatu ziliondolewa kwa kuwa zilichafuliwa maabara. Mwishoni kuna ukurasa wa shukrani. Ameshukuriwa dereva, mpiga chapa na aliyekopesha meza. Wameshukuriwa hata watu wa usafi, yaani mimi. Jina la aliyekwenda kitanda kwa kitanda, akaomba ruhusa mara mia moja na kumi na mbili, halimo. Niliutafuta ukurasa mwingine labda umegandana na ule. Haukuwepo.

Nilikwenda mara mbili kwenye ofisi ya Profesa na daftari langu kwapani. Nikakalishwa kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa. Mara ya tatu tulikutana ukumbini. "Ah, wewe ni wa mvuke," alisema. "Una shida gani?" Na mimi, baba wa watoto wanne, nikaangalia viatu.

Mama Vijiti alipima mkojo na choo kwa miaka sita. Barua ile ilibaki kwenye faili lake, na kila alipoomba nafasi kwenye maabara kubwa faili lilitangulia. Hakulia mbele yangu. Kila Jumatatu alipiga simu ya chumba changu, akauliza, "Imekuja?" Nikimjibu imekuja, anasema haya, kazi njema. Yaani alihukumiwa kwa uchafu ambao si wake, na bado ndiye aliyeendelea kuulinda usafi wa wodi iliyomfukuza.

Mwezi uliopita presha ilimwangusha nyumbani kwake, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Kwenye ubao wetu wa matangazo waliandika mstari mmoja: aliyewahi kuwa mfanyakazi. Mazikoni hospitali ilituma mtu asiyemjua, akasimama akasoma kwamba marehemu alikuwa mtumishi mtiifu. Mama mkwe wake aligeuza kichwa upande mwingine. Kutii ndicho kitu kimoja Mama Vijiti hakukiweza, na ndiyo maana kuna watu leo wanatembea kwa miguu yao miwili. Profesa hakuja. Nasikia anaandaa utafiti mpya, wa mambo hayohayo ya vidonda, na atahitaji daftari za zamani za mashine ya mvuke.

Habari hiyo ya utafiti mpya ndiyo niliyompa katika simu yetu ya Jumatatu ya mwisho. Nilimwambia pia chupa imekuja, tupu, na nimeisuuza. Nilisikia nyuma yake mtu akiuliza kopo la mkojo la nani hili. Kisha akasema:

"Shemeji, safari hii wakikuuliza, usiangalie viatu. Fungua daftari, wasomee, halafu rudi ukaoshe vyombo."